Zelipa na Bunduki ya Yotamu

Siku Yotamu alipouawa na nyati, mkewe Zelipa alipigwa kabla hajajua kwamba amekuwa mjane.

Alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga mahindi. Akamwona mama mkwe wake anakuja mbio, kitenge amekikaza kifuani, na nyuma yake Manase, mdogo wake Yotamu, bado amevaa sare za lojini. Zelipa akadhani wanakimbiza nyoka. Mama Yotamu akampokonya mchi na kumshindilia nao begani.

"Ulikuwa na nani?"

"Mama, nini tena?"

"Jana! Mume wako yuko porini, wewe ulilala na nani, malaya mkubwa?"

Zelipa hakupata nafasi ya kujibu. Manase alimrukia na ngumi ya mdomo iliyoondoka na jino la mbele. Akiwa chini, damu imemjaa kinywani, ndipo aliposikia wanawake wa nyumba za jirani wanaangua kilio, na jina walilolilia lilikuwa la Yotamu.

Kwetu huku bonde la Luangwa, mume akiingia porini na bunduki, mke naye yuko kazini. Asigombane na mtu. Asicheke ovyo na wanaume kisimani. Na akilala na mwingine, huo uchafu utamfuata mumewe mpaka vichakani, mnyama ataunusa na atakuja. Hayo ni mambo ya babu zetu waliowinda tembo kwa magobore. Yotamu hakuwa mwindaji, alikuwa askari wa wanyamapori, mtu wa mshahara na buti, lakini desturi haikuona tofauti. Mtu akirudishwa kutoka porini amechanika, hakuna anayeuliza mnyama alikuwa na nini. Watauliza mke alikuwa na nani, na watauliza kwa mchi.

Kazi ya Yotamu ilikuwa kutembeza wageni wa Loji ya Kapili. Sitaki kuisifia sana hiyo loji. Ni nyumba za nyasi na matete zinazojengwa upya kila mvua zikiisha, na ndani yake kuna vitanda vipana kuliko vyumba vyetu, na mabafu yasiyo na ukuta ili mgeni aoge huku anatazamwa na nyani. Watu hutoka mwisho wa dunia na kulipa fedha za kujengea shule ili wakae mahali ambapo sisi tukikutwa tumeokota kuni tunapigwa mateke. Asubuhi wanatembezwa kwa miguu, na mstari wake haubadiliki. Mbele kabisa askari na bunduki. Nyuma yake mwongozaji, halafu wageni, na mwisho kabisa mbeba chai na kapu lake la birika na keki. Askari hatazami nyuma. Nyuma ni kazi ya mwongozaji. Askari akigeuza shingo kuona kama Mzungu amechoka, hapo ndipo simba anapopata mtu.

Siku ile Yotamu alikuwa mbele, na mbeba chai alikuwa Manase. Dume la nyati lilitoka kwenye kichaka bila hata kukohoa, likikimbia kwa miguu mitatu, wa nne umening'inia. Yotamu alipiga risasi moja, ikaingia begani. Nyati akamrusha juu, akamngoja atue, akampasua tumbo, kisha akapiga magoti juu yake na kumponda na paji la pembe mpaka kukawa hakuna tena cha kuponda. Mwongozaji alipoiokota bunduki na kummaliza yule nyati, Manase alishafika juu ya mti, na njiani alikuwa amemkanyaga mama mmoja mgeni kichwani.

Loji ilileta jeneza zuri na mashuka ya pamba ya kumvishia, meupe kuliko kitu chochote kilichowahi kuingia kijijini Mpata. Nyama ya nyati waligawiwa wanakijiji, kama kawaida. Aliyeitwa kuchuna alikuwa Lazalo, mjomba wake Zelipa, mzee wa maneno machache na pombe nyingi ya kachasu. Jioni ya mazishi alimfuata mpwa wake alikokaa peke yake sakafuni, uso umevimba, akamwekea kitu mapajani.

Kilikuwa kitanzi cha waya wa chuma, kimeganda damu na usaha. Mahali kitanzi kinapoteleza palikuwa na pete ndogo ya shaba.

"Kilikuwa mguuni kwa yule nyati," Lazalo alisema. "Kimeingia mpaka mfupani. Mguu wote ulikuwa umeoza, mwanangu. Yule hakunusa mtu. Yule alikuwa na maumivu yake tu."

"Twende tukawaonyeshe."

"Nani? Hapa Mpata kuna nyumba isiyokula nyama ya mitego ya waya? Watakuuliza ni wa nani, na wewe hujui, na mimi sijui. Kisha watakupiga tena."

Zelipa alilia kwa hasira mpaka akatapika. Halafu akaichomoa ile pete kwenye waya, akaitia kwenye uzi mweusi wa eda waliomfunga shingoni asubuhi ile.

Huo uzi ndio uliomtesa kuliko jino. Mwaka ukipita, ndugu wa marehemu huja, humpaka mjane unga mweupe wa mahindi kichwani na mabegani, wakaukata uzi, na roho ya mume ikaenda zake. Bila hivyo mjane hana uhuru wake. Hakuna mwanamume atakayemgusa, maana atakufa. Misibani atapewa nshima, ugali wetu, peke yake, kwenye sahani yake, mbali. Mwaka ulipita na ndugu hawakuja. Lazalo alipokwenda kuuliza, Mama Yotamu alimjibu akiwa mlangoni, bila hata kumkaribisha kigoda.

"Amtaje mwanamume wake, nitaleta unga siku hiyohiyo."

Zelipa hakuwa na wa kumtaja. Angeweza kubuni jina, na wapo waliomshauri hivyo, kwamba ataje hata la mtu aliyekwisha kufa ili yaishe. Aliwatukana. Alikuwa na mdomo mchafu tangu utotoni, na pengo lilimzidishia.

Idara ya wanyamapori ilipotangaza inatafuta askari wapya, na wanawake pia, alikwenda akapanga foleni na vijana.

"Wewe?" Lazalo alicheka mpaka akakohoa. "Bunduki itakurusha mtoni, mamba wapate kifungua kinywa."

"Watapata gego tu, mjomba. La mbele wameshakula ndugu wa mume wangu."

Mafunzoni walimkimbiza, walimlaza matopeni, walimpiga fimbo kama walivyowapiga wanaume. Hakulia, maana alishapigwa na waliomuuma zaidi. Alipomaliza, aliomba bunduki moja tu. Mtunza ghala alimwangalia, akaingia ndani, akamtolea ile ya Yotamu. Kitako chake bado kilikuwa na mkwaruzo wa pembe.

Akapangiwa Kapili. Wageni walimpenda mno, mwanamke na bunduki, pengo na yote. Walitaka kupigwa naye picha. Meneja akamwomba ajitahidi kutabasamu, naye akamwambia meneja atabasamu yeye, analipwa zaidi. Kuna bwana mmoja mnene aliyetoka kwenye mstari amkaribie tembo apate picha nzuri. Zelipa alimkamata kola, akambwaga chini, akamkalia. Mashitaka yalifika mpaka mjini. Kwa bahati nzuri yule bwana mwenyewe aliandika kwamba hiyo ndiyo siku bora ya maisha yake, wakamwacha. Wageni ni watu wa ajabu.

Manase bado alikuwa mbeba chai. Walitembea mstari mmoja, mjane mbele na shemeji nyuma, na katikati wageni wasiojua lolote.

"Shemeji," Manase alipenda kumpigia kelele kwa lugha yetu, wageni wakidhani anaimba, "ukiona panya utuambie mapema tupande miti!"

"Wewe uambiwe nini? Miti yote ya hapa inakujua makalio."

Wote walicheka, hata Fanwell mwongozaji, na Manase mwenyewe alicheka. Lakini hakumtazama Zelipa usoni hata siku moja. Zelipa alidhani ni aibu ya lile jino.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia, nyasi zilikuwa zimeshachomwa na pori linaonekana vizuri. Walifika kwenye kichuguu kikubwa karibu na ziwa dogo la viboko, mahali pa kunywea chai kila siku. Manase akatua kapu, akamimina, akagawa keki. Kisha akachukua panga.

"Naenda kuchimba dawa."

"Kwa panga?" Fanwell aliuliza.

"Kuna vichaka vya miba huko, kaka. Unataka nikalie miba?"

Chai haijapoa, wakasikia mngurumo kutoka kwenye miti ya mipopane, halafu sauti ya Manase. Haikuwa sauti ya kuita mtu. Ilikuwa ile ya mbuzi anayechinjwa na mtu asiyejua kuchinja.

"Waweke mgongo kwenye kichuguu!" Zelipa alimwambia Fanwell, akakimbia.

Nyati alikuwa amenaswa mguu wa mbele na waya uliofungwa kwenye gogo. Alikuwa amelivuta gogo usiku kucha na kulima ardhi yote pale. Manase alikuja kuangalia mtego wake akijua kamba ya waya inafika wapi, ila nyuzi zake nusu zilikuwa zimeshakatika na gogo lilikuwa limesogea. Sasa alikuwa chini ya mnyama. Pembe moja ilikuwa imeingia pajani na kutokea upande wa pili, na nyati alikuwa akimpigapiga ardhini kwa huo mguu kama mtu anayekung'uta mkeka. Mkono wa panga ulikuwa umegeuka mahali pasipo na kiungo.

Zelipa hakuweza kupiga kwa mbali, maana wote wawili walikuwa kitu kimoja kinachozunguka. Akasogea. Akasogea tena mpaka mate ya nyati yakamrukia usoni. Akaweka mdomo wa bunduki nyuma ya sikio na kuvuta. Nyati akaanguka juu ya miguu ya Manase, na mifupa ikasikika.

Ndipo Zelipa akauona waya, na kwenye waya, pete ya shaba.

Bunduki ilikuwa bado inafuka. Akaingiza vidole ndani ya shati la sare, akavuta uzi wa eda, akainama na kuziweka zile pete mbili pamoja. Zilikuwa zimekatwa kwenye kitu kimoja. Hata michoro yake ya mistari ilifuatana.

"Shemeji," Manase alisema. "Niondolee huyu mnyama."

"Hii pete ni ya nani?"

"Nakufa, Zelipa."

"Utakufa baadaye. Nimeuliza pete."

Manase akafumba macho. Damu ilikuwa inamtoka pajani kwa kuruka. Zelipa akavua mkanda wake, akalikaza paja kwa nguvu mpaka Manase akapiga ukelele, kisha akauliza tena.

"Ilikuwa yangu," alisema. "Ile ya kwanza. Yule nyati alikata waya akaondoka nao. Sikujua ameenda upande ule, haki ya Mungu sikujua. Mimi nilikuwa nyuma na kapu, ningejuaje?"

"Ukauona mguu wa yule nyati wewe ukiwa mtini."

Manase akageuza uso pembeni.

"Ukauona. Ukapanda gari la loji, ukaja nyumbani kwangu, ukaning'oa jino."

"Ningesema nini kwa mama? Yotamu ni mtoto wake wa kwanza." Akamshika buti. "Usiseme, shemeji. Waambie ni Tamala. Waambie mke wangu alikuwa na mtu. Wewe ndiye uliyeniokoa, watakuamini. Watampiga kidogo, yataisha."

Zelipa akasukuma risasi nyingine kwenye chemba ya bunduki na kumwekea mtutu katikati ya macho. Wapo wanaosema alitaka kumtisha tu. Mimi namfahamu, hakutaka kutisha mtu. Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio.

"Dada Zelipa!" Fanwell aliita kutoka kichuguuni. "Uko salama huko?"

Alibaki hivyohivyo, Manase anajikojolea, mpaka Fanwell akaita mara nyingine. Akaondoa mtutu.

"Niko salama! Piga redio, walete gari!"

Hapo alikosea, na angelijua kosa lake kama asingekuwa amejawa na hasira. Redio ya loji inasikika jikoni, na wapishi wote ni watu wa Mpata. Gari lilipomfikisha Manase kwenye zahanati ya kijiji, kilio kilikuwa kimeshaanza, na watu walikuwa wameshajua pa kwenda. Zelipa alisikia kelele za kina mama upande wa nyumba ya Tamala. Akaruka kutoka kwenye gari kabla halijasimama sawasawa, mkononi ana ule waya aliouchomoa mguuni kwa nyati.

Tamala ni msichana mdogo, mwembamba, mwenye mimba yake ya kwanza. Walikuwa wamemtoa nje kwa nywele. Alikuwa amejikunja kwenye vumbi, mikono ameikinga tumboni wala si kichwani, na kichwa chote kilikuwa damu. Juu yake alisimama Mama Yotamu na mchi.

"Ulikuwa na nani? Umeniulia na huyu wa pili! Sema, ulikuwa na nani?"

Zelipa alipiga risasi hewani. Risasi ya serikali, hiyo, na ilibidi baadaye aielezee kwa mabosi zake. Watu walitawanyika kama kuku, wakasimama mbali kidogo kutazama. Mama Yotamu peke yake hakukimbia.

"Umekuja kuniua na mimi? Niue! Umeshazoea."

"Manase hajafa," Zelipa alisema. "Nimemtoa chini ya nyati kwa mkono wangu. Alikuwa anakagua mtego wake. Huu hapa."

Akamtupia waya miguuni. Halafu akaukata uzi wa eda kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo mjane hafanyi, na umati ukaguna. Akaitupa na ile pete ya shingoni juu ya waya.

"Na hii mjomba Lazalo aliitoa mguuni kwa yule aliyemuua Yotamu. Mwulizeni, yuko pale. Mtego mmoja, mtu mmoja. Manase ameniambia kwa kinywa chake, na akanituma nije niseme kwamba ni huyu mtoto ndiye mwenye hatia, mumpige."

"Niliitoa mimi," Lazalo alisema kutoka nyuma ya watu, na siku hiyo hakuwa amelewa. "Niliogopa kusema. Nyote mlikula ile nyama, na mimi nilikula."

Mama Yotamu aliinama. Hakuugusa waya. Aliokota pete, akaigeuza juani, akapitisha kidole gumba kwenye michoro yake.

"Bangili za bibi yangu," alisema. "Za miguuni. Nilimpa Manase anitunzie. Aliniambia zimeibwa."

Alikaa chini palepale vumbini, karibu na Tamala. Hakulia. Akanyoosha mkono akamgusa yule binti kichwani, na mkono ukarudi mwekundu, akautazama. Kisha akamtazama Zelipa mdomoni, kwenye pengo, muda mrefu, akiwa hawezi kuondoa macho. Zelipa hakumrahisishia. Hakusema yameisha, hakusema pole. Alikuwa amengoja uso ule kwa miaka, na aliutazama mpaka akatosheka.

Wanawake walimbeba Tamala ndani. Mama Yotamu akajiinua kwa kuegemea mchi.

"Yuko wapi?"

"Zahanati."

"Nipeleke."

Walitembea pamoja, mama mkwe na mkwe, wa kwanza na mchi, wa pili na bunduki, na kila aliyekutana nao alitoka njiani. Mlangoni mwa wodi yule mama alisimama. Manase alikuwa kitandani peke yake, miguu imefungwa kwa mbao, ameshachomwa sindano lakini macho yako wazi.

"Kesho asubuhi nitakuletea unga," Mama Yotamu alisema bila kugeuka. "Nitakupaka mwenyewe, mbele ya watu."

"Unga utasubiri, mama. Ingia."

Akaingia. Zelipa akasikia mburuzo wa mchi kwenye sakafu ya saruji, na sauti ya Manase, nyembamba, inasema mama, mama yangu.

"Siku ile," Mama Yotamu aliuliza, "ulitega wapi?"

Manase aliita mama tena. Mchi ukatua, na mbao za mguu zikavunjika.

"Ulitega wapi?"

Nesi alitoka mbio chumba cha dawa, glovu mkononi, akamkuta Zelipa amesimama mlangoni, mgongo kwa wodi, bunduki kaikingamisha kifuani.

"Dada, nini hicho? Nipishe! Anauawa huyo!"

"Ngoja kidogo, nesi," Zelipa alisema. "Ni mama yake."

Nyuma yake mchi uliinuka tena. Zelipa alitazama mbele, barabarani, kama anavyotakiwa askari, na hakugeuza shingo.